Nyutro, Ethi na Bajeti ya Mama Mwenye Fremu

Duka lile la Kariakoo ni jembamba kiasi kwamba watu watatu wakiingia, wa nne anasubiri barazani. Siku hiyo tuliingia watatu: mimi, dogo ninayefanya naye kazi, na mama mwenye fremu za maduka ya kupangisha, ambaye alikuja mwenyewe kwa sababu, alivyosema, fundi akitumwa peke yake hurudi na risiti ndefu. Sikumlaumu. Alishika karatasi yangu ya vifaa akawa anaisoma mstari kwa mstari, kidole kikitangulia. Kilipofika kwenye nyaya, ambazo saizi yake tunaitaja kwa milimita za mraba za shaba, kikasimama.

"Fundi, hapa umeandika waya wa 16, mita 45, mara tano?"

"Ndiyo mama. Fezi tatu za kuleta umeme, nyutro ya kuurudisha, na ethi ya kwenda ardhini."

"Fezi sawa, ndizo zinazobeba umeme. Nyutro nayo 16? Na ethi nayo 16? Hiyo ethi si haina umeme, fundi? Weka hata ya 4."

Muuzaji, ambaye hakuulizwa, akadakia kutoka nyuma ya meza: "Wengi wanaweka 6 mama, na inawaka tu."

Inawaka tu. Kama kuna neno lililonipotezea kazi Dar es Salaam hii ni hilo. Kweli inawaka. Nyutro nyembamba inawasha taa, na ethi isiyokuwepo kabisa inawasha taa vilevile. Mteja anaona balbu, anafurahi, anamlipa aliyechukua kazi kwa bei ya chini, na mimi narudi Tabata na daladala nikiwa na boksi langu la vifaa mapajani. Kwa hiyo siku ile, badala ya kubishana pale dukani, nilimwomba mama tukae barazani tunywe kahawa, nimweleze. Alikubali kwa sharti kwamba kahawa nalipa mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kiwanja chake kiko Tabata, nyumba iko nyuma, fremu sita ziko mbele zikitazama barabara. Umeme wa fezi tatu umeingia kwenye nyumba. Mita ya LUKU na meni swichi viko barazani kwake, mahali anapoweza kuviona akiwa anapika. Kutoka pale hadi ukuta wa fremu ni mita karibu 40, na alitaka dibii ya pili, lile boksi la breka la kugawia umeme, kule mbele ilishwe kutoka kwake. Wapangaji: saluni yenye draya mbili, duka la vinywaji lenye friza mbili, steshenari yenye kompyuta nne na mashine ya fotokopi, fundi cherehani na pasi yake, duka la simu, na fremu moja ambayo kila mwezi ina mpangaji anayekuja kuiangalia na harudi. Jinsi watakavyogawana pesa za LUKU sikuuliza. Huo ni ugomvi wa mama na wapangaji wake, na nimeshaapa kutokuwa shahidi.

Nilijumlisha mizigo, nikakadiria nini kitawaka kwa pamoja na nini hakitawaka, nikapata ampea 40 hivi kwa fezi moja jioni ya Jumamosi wakati saluni imejaa. Nikachagua breka ya ampea 50. Nyaya zingepita kwenye bomba la plastiki juu ya ukuta unaopigwa na jua tangu asubuhi.

Jua lile lina uzito kwenye hesabu. Majedwali tuliyosomea, ya kanuni za Uingereza za kufunga umeme, BS 7671, yanasema waya wa shaba wa 16 wenye ganda la PVC, ukiwa ndani ya bomba na wenzake wa fezi tatu, unabeba ampea 68. Lakini hiyo ni kwenye hewa ya nyuzi 30. Ndani ya bomba linalochomwa na jua la Februari, mimi nahesabu nyuzi 40, na hapo unazidisha kwa 0.87. Zile 68 zinashuka hadi 59. Waya wa 10, ambao jedwalini unabeba 50, unashuka hadi 43, na breka yangu ni ya 50; maana yake waya ungeungua wakati breka imelala. Ndiyo maana ni 16. Kushuka kwa volti kwa umbali ule si tatizo, haifiki volti 4 kati ya 400.

Hadi hapo mama alikuwa ananifuata. Fezi hana ugomvi nazo. Tukaja kwenye nyutro.

Watu wengi, na mafundi wamo, wanaiona nyutro kama mkia: umeme unakuja na fezi, unafanya kazi, unachoka, unarudi na nyutro ukiwa hauna nguvu. Ukweli ni kwamba kwenye umeme wa fezi moja ampea zilizokwenda ndizo zinazorudi, hata moja haipungui. Jiko likivuta 13 kwenye fezi, nyutro inabeba 13. Kwa hiyo kwa fezi moja hakuna mjadala, nyutro ni sawa na fezi, basi.

Kwenye fezi tatu ndipo ujanja unapoanza, kwa sababu pale kuna kitu cha kweli ambacho watu wanakitumia vibaya. Mawimbi ya fezi tatu yanapishana, kila moja nyuma ya mwenzake kwa theluthi ya mzunguko, na yakirudi kwenye nyutro yanafutana. Mzigo ukiwa sawa kabisa kwenye fezi zote, nyutro inabeba sifuri. Sasa mtu akishasikia hiyo sifuri hataki kusikia kingine. Lakini niambie ni fremu gani za Tabata zina mzigo sawa kabisa. Tuseme fezi ya kwanza ina ampea 30, ya pili 20, ya tatu 10: nyutro itabeba 17 na kidogo. Saluni ikiwa imefunguliwa peke yake asubuhi na wengine hawajafika, nyutro inabeba zote za saluni, kama fezi moja tu.

Halafu kuna habari ya steshenari na zile taa za LED. Zamani mzigo ulikuwa pasi, jiko, balbu ya nyuzi. Vitu hivi vinavuta umeme kwa ulaini, vikifuata wimbi. Kompyuta, chaja na LED havinywi hivyo. Vinadokoa. Vinasubiri wimbi lifike kileleni, vinadokoa kidogo, vinaacha. Kudokoa huku kunazaa mawimbi madogo ya ziada, na lililo sumbufu zaidi ni wimbi la tatu, linalokwenda mara 150 kwa sekunde wakati umeme wetu unakwenda mara 50. Ubaya wake ni kwamba mawimbi ya tatu ya fezi zote tatu yanagonga kwa wakati mmoja. Hayafutani kwenye nyutro, yanajumlishwa. Kila fezi ikiwa na ampea 10 za wimbi la tatu, nyutro inabeba 30 hata kama mizigo imegawanywa sawasawa kwa mizani. Kuna majengo ya ofisi ambako nyutro ni ya moto kuliko fezi. Nimeshawahi kuishika ya hivyo juu ya ganda, nikaachia haraka.

Kanuni kuhusu hili hazina utata. Hadi waya wa shaba wa 16, nyutro haipunguzwi, iwe na saizi ya fezi. Juu ya 16 unaweza kuipunguza kwa masharti: mizigo iwe imesawazishwa, nyutro ilindwe, na mawimbi ya tatu yasizidi asilimia 15 ya ampea za fezi. Yakiwa kati ya 15 na 33, uwezo wa waya wenyewe unazidishwa kwa 0.86, kwa sababu sasa ndani ya bomba kuna nyaya nne zinazopata moto, si tatu. Yakizidi 33, huanzi tena na fezi. Unaanza na nyutro, ndiyo inayochagua saizi ya wenzake. Kwa fremu za mama nilichukua ile ya kati, maana steshenari ni moja na taa zote ni LED: 59 na kidogo mara 0.86, inabaki 50 na nukta 9. Breka ni 50. Ilipita kwa kucha, na nilimwonyesha mama ile namba kwenye simu.

"Kwa hiyo 16 yenyewe inapumulia juu juu," akasema.

"Ndiyo mama."

"Na muuzaji alitaka niweke 6," akamgeukia dogo, ambaye hakuwa ametia neno tangu asubuhi.

Kuhusu nyutro nina deni langu mwenyewe, na nilimsimulia mama bila kujipamba. Miaka ya mwanzo, cheti cha chuo cha ufundi cha VETA bado kikiwa na harufu ya wino, nilifunga umeme kwenye nyumba ya vyumba vitatu vya kupanga huko Temeke, kila chumba fezi yake, nyutro moja kwa wote. Kebo ya kuingia ilikuwa ya aluminiamu, waya wangu wa ndani shaba. Kiunganishi maalumu cha kuunganisha metali hizo mbili sikuwa nacho na duka la karibu lilikuwa limefunga. Nikasokota shaba na aluminiamu kwa koleo, nikazungushia tepu nyingi nyeusi, nikajiambia nitarudi. Ikawaka tu.

Shaba na aluminiamu zikigusana, kwenye hewa yetu hii yenye unyevu na chumvi ya bahari, aluminiamu inaliwa. Inaota unga mweupe. Miezi saba baadaye nikapigiwa simu usiku: "Fundi njoo, umeme umekuwa mkali." Nilifika nikakuta feni ya chumba cha kwanza inazunguka kama inataka kupaa na runinga imeshatoa moshi. Chumba cha pili balbu imefifia ina rangi ya mawese. Cha tatu mwenyewe alikuwa amesafiri, kila kitu kimezimwa. Nikapima: chumba cha kwanza volti 370 na kitu. Cha pili hazikufika 30.

Nyutro ilikuwa imekatika pale kwenye tepu yangu. Ikikatika nyutro ya pamoja, vyumba viwili vilivyobaki vinafungwa kwa mstari mmoja kati ya fezi na fezi, na kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Zile 400 zinagawanywa, na mgawanyo wake hauna huruma: mwenye mzigo mdogo anapata volti nyingi. Chumba cha pili walikuwa wamewasha birika la umeme la kilowati 2. Cha kwanza walikuwa na runinga na feni, wati 100 hivi. Ukipiga hesabu, yule wa wati 100 anapata volti 381 na birika linapata 19. Na breka? Breka haioni kitu. Ampea inayopita haifiki hata moja. Breka imewekwa kuangalia wingi wa ampea, volti hazimhusu.

Runinga ile nililipa kwa miezi minne. Tangu hapo nyutro siungi njiani. Inatoka meni hadi dibii ikiwa kipande kimoja, na mahali inapokaziwa nakaza mwenyewe, sio dogo.

Ethi ni mnyama mwingine kabisa, na hapa ndipo nilipotaka mama anisikilize vizuri, kwa sababu hoja yake ilikuwa na ukweli ndani yake. Ethi kweli haina umeme. Siku njema haibebi chochote. Inaweza kukaa miaka 20 ndani ya bomba bila kupitisha ampea moja. Ndiyo maana haipimwi kwa mzigo wa fremu. Nyutro unaiuliza: utabeba nini kila siku, saa nzima, jua likiwa kali? Ethi unaiuliza swali moja tu: siku fezi itakapogusa bati la friza, utavumilia ampea ngapi, kwa muda gani, kabla ya breka kuruka?

Kuna njia mbili za kujibu. Ya kwanza ni ya jedwali, na inafaa kwa fundi mwenye haraka: fezi hadi 16, ethi iwe sawa nayo, fezi kati ya 16 na 35, ethi iwe 16, zaidi ya 35, ethi iwe nusu ya fezi. Ya pili ni ya kikokotoo: chukua ampea za shoti, zizidishe zenyewe kwa zenyewe, zidisha kwa sekunde, tafuta kipeuo cha pili, gawanya kwa 115 ikiwa ethi imebanana na wenzake kwenye bomba. Shoti ya ampea 1000 inayokatwa kwa sekunde 0.1 inahitaji waya wa 2.75 tu. Unaona? Mama alikuwa na haki. Kwa hesabu hiyo ile 4 yake inatosha na chenji inabaki.

Lakini hesabu hiyo inaamini kwamba kitakachokata kitakata kwa sekunde 0.1. Mimi nafanya kazi Dar. Nimefungua fyuzi za zamani nikakuta ndani pamewekwa kipande cha waya wa shaba mnene kama njiti ya kiberiti, kwa sababu "ilikuwa inakatika katika". Nimekuta breka ya 32 imebadilishwa ikawekwa ya 100 kwa sababu ile ya 32 ilikuwa inaruka. Sijui baada yangu atakuja nani kwenye dibii ya mama. Sekunde 0.1 zikigeuka kuwa 3, shoti ileile ya ampea 1000 inataka waya wa 15. Ile ya 4 inavumilia sekunde 0.2 na kidogo, baada ya hapo ganda linayeyuka, na ganda hilo limelala ubavuni mwa nyutro na fezi ndani ya bomba moja.

Dogo hapo ndipo alipofungua mdomo. Alikuwa ameona video ya fundi wa Marekani akifunga dibii ya ampea 100 na ethi nyembamba, na kila kitu kikapita ukaguzi. Nikamwambia ni kweli, wala yule fundi hakukosea. Kwao jedwali la ethi linaanzia kwenye saizi ya breka: breka ya 60, waya namba 10, ambao kwa vipimo vyetu ni kama 5.3, breka ya 100, waya namba 8, ambao ni kama 8.4. Sisi jedwali letu linaanzia kwenye saizi ya fezi. Na nyumba zao zinaletewa volti 120 mbili zinazopingana na nyutro katikati, kwa hiyo nyutro yao inabeba tofauti tu ya pande mbili. Ni mfumo wao, una mantiki yake, lakini ukichukua nusu ya kwao na nusu ya kwetu unapata kitu ambacho hakina mwenyewe. Jambo moja tunalolingana kabisa: kwenye dibii ya pili, nyutro na ethi haziunganishwi. Kila moja baa yake, kile kipande cha chuma chenye skrubu za kukazia nyaya. Fundi mmoja aliyenitangulia kwenye kiwanja kingine aliziunganisha kwa kipande cha waya, "ili zisaidiane". Matokeo yake sehemu ya umeme wa kila siku ikawa inarudi kupitia ethi, na mwenye duka la vinywaji pale akawa anafungua friza kwa kutumia kitambaa.

Kuna swali ambalo mama hakuuliza, ila lazima nilijibu: hiyo ethi inakwenda wapi? Kwa wateja wengi niliowafungia, kutoka nguzoni tunaletewa fezi na nyutro, ethi unaizika mwenyewe. Unagonga fimbo ya shaba ardhini. Ile fupi ya mita 1.2 inayouzwa kila mahali, ikigongwa kwenye udongo wa kawaida wenye unyevu, tuseme wa omu-mita 100, ambacho ni kipimo cha jinsi udongo unavyozuia umeme, inatoa ukinzani wa omu 71 hivi. Gawanya 230 kwa 71: ampea 3 na kidogo. Fezi ikigusa bati la friza, ampea 3 zinatiririka ardhini na breka ya 50 haishtuki hata kidogo. Friza inaendelea kugandisha soda na bati lake lina volti karibu 230. Hapa waya wa 16 haukusaidii, hata ungeweka wa 70. Kinachokusaidia ni RCD, ile breka yenye kitufe cha kujaribia, inayolinganisha umeme uliokwenda na uliorudi na kukata ikiona miliampea chache, 30, zimepotea njiani. Kwa RCD ya 30, ethi ya hata omu 1600 ingetosha kwenye karatasi. Mimi sitaki karatasi. Ikizidi 200 siiamini, kwa sababu kiangazi kikija inapanda.

Mama aliuliza kama tuweke chumvi na mkaa kwenye shimo kama walivyomfanyia dada yake Kigamboni. Chumvi inashusha omu, ndiyo, kwa msimu mmoja. Masika yanaiosha, na kabla haijaoshwa inakula kibano cha shaba. Fimbo ndefu ni bora. Ukiongeza urefu kutoka mita 1.2 hadi 2.4 zile 71 zinashuka hadi 40. Ukiongeza unene wa fimbo hupati kitu cha maana, kutoka milimita 16 hadi 20 unashusha omu 3, ingawa wauzaji wanapenda sana kukuonyesha fimbo nene.

Kahawa ikaisha. Tukarudi dukani, na sasa mama ndiye aliyeongea. "Zote 16," akamwambia muuzaji. "Na fundi azipime."

Hilo la kupima nilikuwa nalifanya hata angenikataza. Namba iliyochapwa kwenye ganda ni ahadi tu. Waya wa 16 wa nyuzi ngumu unatakiwa kuwa na nyuzi saba, kila moja kipenyo cha milimita 1.7. Nilivua ganda sentimita mbili, nikazitenganisha nyuzi, nikahesabu saba, nikabana mmoja kwenye venia, kifaa cha kupimia unene: 1.52. Ukipiga hesabu, hiyo ni 12 na nukta 7, si 16. Muuzaji akasema ni mafuta ya kiwandani yanateleza. Nikakwangua kwa wembe kuona kama chini ya wekundu kuna weupe wa aluminiamu. Hapakuwa na weupe, ilikuwa shaba kweli, ila imebaniwa. Akatoa roli nyingine kutoka darini, bila kusema neno. Hiyo ilisoma 1.69, tukaichukua. Bei ilikuwa ya juu zaidi, bila shaka, na mama alimtazama muuzaji kwa muda mrefu kabla ya kufungua pochi.

Rangi nazo ni mtihani. Mitaani bado kuna rangi za zamani, nyekundu, njano na bluu kwa fezi, nyeusi kwa nyutro, na kuna za sasa, kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi, bluu kwa nyutro. Yaani nyeusi ya jana ni nyutro na nyeusi ya leo ni fezi, na bluu vilevile kwa kinyume. Nyumba ya mama ilifungwa kwa rangi za zamani. Nikaendeleza za zamani, nikazungushia tepu na kuandika L1, L2, L3 na N kila mwisho, na ndani ya mlango wa dibii nikabandika karatasi inayoeleza. Kijani na njano ni ya ethi peke yake. Nimewahi kuikuta imetumika kama fezi ya kwenda kwenye swichi ya ngazi, na siku hiyo nilikaa chini kwanza kabla ya kuendelea.

Kufunga kulichukua siku mbili na si siku za kusimulia, isipokuwa kwamba nyaya tano za 16 kwenye kona ya bomba zinahitaji watu wawili na sabuni ya unga. Fimbo ya kwanza ya mita 1.2, ambayo ilikuwepo tayari, ilisoma omu 94 kwenye mashine, vijiti viwili vya kupimia vikiwa vimesimikwa uani na kuku wa mama wakivichunguza. Niligonga nyingine ya mita 2.4, mita 5 kutoka pale, nikaziunganisha. Ikasoma 37. Kule fremu kila mpangaji nikampa RCD yake ya 30, na kwenye meni nikaweka ya 300 inayochelewa kidogo, ili pasi ya fundi cherehani ikiharibika izime fremu yake tu na si mtaa mzima wa mama.

Siku ya kuwasha nilimwita mama abonyeze kitufe cha kujaribia yeye mwenyewe. Aliogopa, akatumia ncha ya mwiko wa ugali. Swichi ikaruka, tak. Akarudisha, akabonyeza tena. Akaenda fremu ya pili. Alibonyeza zote sita, na kwenye ile ya saluni akakutana na kelele, maana mtu alikuwa chini ya draya.

Mwezi wa tatu nilipita kukaza skrubu, kwa sababu shaba mpya ikipata moto na kupoa inalegea kidogo kwenye baa. Skrubu ya nyutro ilikubali robo ya mzunguko. Za fezi hazikusogea. Nilipima ampea kwa klampu mita, ile inayoushika waya kwa nje, saa kumi na mbili jioni Jumamosi: fezi 34, 27 na 19, nyutro 22. Fremu ya sita ilikuwa imepata mpangaji, anauza juisi na ana blenda tatu.

Nilimwomba mama vile vipande vya ethi vilivyobaki, mita sita hivi za kijani na njano, nikazitumie kwa mteja mwingine asiye na uwezo. Akasema ziko chini ya kitanda chake na zitabaki hapo hapo. Alizilipia.